Kamba ya Shemeji kwenye Jabali la Mulonde

Tangu nirudi, kila nikishuka bandarini ninashikwa shati. Mumoja amesikia nilianguka, mwingine amesikia nyuki walikula macho yangu, na muuza chumvi mumoja wa pale anahubiri kwamba sikupanda hata kidogo. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama. Nimenunua kaye ya kurasa mia na biki ya kuandikia, ninaandika mara moja kwa wote. Masomo yangu yalikufa mwaka wa tatu, lakini mikono yangu imefika mahali ambapo diplome zenu hazitafika, basi someni na musicheke maandishi.

Asiyenijua ni mugeni wa jana. Mimi Mulongo nilianza kwa kupanda michikichi ya watu, sina hata shati. Kisha milingoti ya meli, kisha grue ya kuinulia mizigo bandarini, kisha bomba la moshi la kiwanda. Miaka kumi na minane nilipaka rangi bomba lile nikining'inia kama popo, na kila siku ya mungu, watu wakitoka kanisani, nilipanda majabali ya pwani ya ziwa, wakilipa kuangalia. Hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenishika. Kamba yangu ilikuwa ya kushukia tu. Kwenda juu nilikwenda na vidole. Halafu kiwanda kikawekea bomba ngazi ya chuma. Sasa hata mulinzi mwenye tumbo anapanda. Mimi nikabaki na siku ya mungu peke yake, na umri wa miaka arobaini na sita.

Njo maana barua ya Komisera wa zone, mukubwa wa wilaya nzima, ilinikuta kama mvua. Kwa sikukuu ya chama alitaka Muzairwa apande Jabali la Mulonde, kule juu Marungu, mbele ya watu wote, asimamishe bendera ya mwenge kileleni. Kuzunguka na kufika kwa nyuma, hata mbuzi anafika. Yeye alitaka watu waone muntu kwenye uso wa jiwe. Atakayefanya vile atakuwa mupandaji wa serikali, kila sikukuu zone nyingine, na mushahara kila mwezi. Nilijua vizuri: nikiikosa ile, ninarudi kwenye michikichi.

Kalemie mpaka Moba, kwa boti

Nilimuchukua mudogo yangu Ilunga, baba wa watoto watano, muntu wa mikono minene, abebe kamba. Bibi yangu Feza, mama ya Kisimba, mutoto wetu wa kwanza, aliniuliza neno moja tu.

"Papa Kisimba, utapita kwa kaka yangu, kule Kirungu?"

"Njia ni ndefu."

"Njia inapita mbele ya mulango wake."

Nikabeba mufuko wangu. Boti ilikuwa inapiga honi.

Boti ilijaa chumvi, sabuni na vitambaa vya Kigoma, na juu ya vile vyote walikaa wafanyabiashara kutoka kaskazini ya ziwa, Wabembe, watu wa sala. Waliimba tangu bandarini mpaka masini ya boti ilipokufa, na ilipokufa wakaimba zaidi. Tulisukumwa na upepo mpaka pwani ya kijiji kimoja, tukalala pale siku mbili tukila samaki, migebuka ya kuchoma, na bukari ya unga wa muhogo. Chakula kilikuwa kizuri, sisemi uongo.

Siku ya pili nilikaa peke yangu juu ya jiwe, ninaangalia milima ya Marungu na kufunga mafundo kwenye kamba, kufunga na kufungua. Mama mumoja wa chumvi, Mama Riziki, akaja akakaa karibu.

"Papa, nyumbani muko salama?"

"Salama tu."

"Bibi yupo? Watoto wanakula?"

"Wote wapo."

"Basi ni nini, Papa? Maisha ni matamu bado."

Nilifikiri anazungumza tu. Nikamujibu kwamba kazi yangu imekwisha Kalemie, kwa hiyo ninakwenda kwa jabali kumaliza mambo. Yule mama alipiga magoti katika muchanga akaanza kuniombea kwa nguvu, na wenzake wakaja, mukono mumoja kichwani kwangu, mukono mwingine mugongoni. Ilunga alicheka mpaka akakaa chini. Kufika asubuhi masini inanguruma, kamba haipo. Tulitafuta boti nzima. Mama Riziki alikuwa ameikalia usiku kucha, katikati ya magunia ya chumvi, na aliirudisha tu pale Ilunga alipoapa kwa Biblia yake kwamba mimi ni mupandaji na si muntu wa kujinyonga.

"Kupanda mawe?" akauliza. "Kwa hiari?"

"Kwa mushahara, Mama."

"Afadhali," akasema, lakini kamba alimupa Ilunga, si mimi.

Moba, siku tatu juu ya mabati

Kwenye bandari ya Moba soda mumoja, bunduki begani, alifungua mufuko wangu. Mita makumi sita za kamba, misumari minene, nyundo. Kule walikuwa wamekwisha kuona vita vya waasi, hawachezi na vitu kama vile.

"Sitwayen," akaniita, kama serikali inavyoita kila raia, "hii ya nini?"

"Ya kupanda majabali."

"Majabali yanapandwa kwa nini? Juu kuna nini?"

Nikamuonyesha barua ya Komisera. Akaisoma akiishika juu chini. Akaniambia nipande ukuta wa depo ya mizigo, aone. Nilivua viatu, nikahesabu pumzi tatu, nikawa juu ya mabati. Masoda walipiga makofi. Nilifikiri tumemaliza.

"Kwa kuwa uko juu," akasema, "geuza antena ya komanda, radio yake inalia kama kuku."

Nikaigeuza. Radio ikasema Kinshasa vizuri kabisa, na kule kukawa kufungwa kwangu. Siku tatu nilipanda kila bati la Moba lenye antena, na lile la duka, na lile la dispansere ya wagonjwa. Walitulisha maharagwe na mukate, na kila jioni walinirudishia barua wakisema kesho. Siku ya tatu radio zote zilisema, hawakuwa tena na neno la kuniomba, tukaachiwa.

Moba mpaka Mulonde, kwa kamyo

Tulipata kamyo ya mizigo iliyokuwa inapanda kuchukua ng'ombe kule Pepa. Kabla ya kufika Kirungu nikaingia chini ya turubai, penye mavi ya ng'ombe wa safari iliyopita.

"Kaka, unajificha nani asikuone?" Ilunga akauliza, na alijua vizuri.

Lazima niseme, kwa sababu bila hii hamutaelewa kingine. Miaka sita nyuma mama mukwe wangu alifariki Kirungu. Mukwe kwenye kilio anakaa chini, kimya, anangoja kuitwa. Mimi niliitwa na vijana. Walisema: wewe wa Kalemie tunakusikia tu, munara wa kanisa ule huwezi. Niliuweza. Nilikuwa juu ya munara, ninapunga mukono, wakati jeneza linatoka mulangoni chini yangu. Watu wote waliinua macho wakaniangalia mimi, wakaacha kumuangalia marehemu. Kyomba, kaka ya Feza, alikuwa amebeba jeneza mbele. Naye aliniangalia. Tangu siku ile sikukanyaga Kirungu.

Kwa hiyo nilipita Kirungu chini ya turubai, nikisikia kuku wao na watoto wao, na baridi yao ikiingia mifupani. Ilunga alinunua viazi vya kuchemsha akanipitishia kwenye tundu kama mufungwa.

Chini ya jabali

Mulonde si jabali la kuchezea. Linatoka katika majani kama ukuta wa ghala, na juu, karibu na kilele, lina tumbo linalotokeza nje. Chini ya tumbo nyuki wamejenga masega meusi makubwa kama milango. Niliangalia nusu saa nikaona njia yangu yote, isipokuwa pale kwenye tumbo. Pale nilijiambia nitaona nikifika.

Asali ile ina mwenyewe, Mama Kabwe, mujane wa miaka kama yangu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe mulimani. Barua ya Komisera hakuitaka.

"Komisera ana ofisi, mimi nina jiwe. Nani anashika kamba?"

"Mama, mimi sishikwi. Tangu utoto."

"Hapa hapandi muntu bila kushikwa kutoka juu. Nani anashika?"

Nikaona nimalize maneno. Nikamuonyesha Ilunga na mikono yake. "Huyu. Mudogo yangu, baba mumoja mama mumoja."

Wanawake waliokuwa wanatwanga pale waliacha kutwanga. Mama Kabwe akamuangalia Ilunga kama muntu anayeangalia mbwa ndani ya sufuria.

"Mudogo yako? Unataka kufa?"

"Mudogo yangu ananipenda!"

"Ndiyo, na akikuachia atalia kweli. Halafu baada ya kilio atarithi nani? Bibi yako, nyumba yako, nyavu zako. Sisemi ataachia kwa makusudi. Ninasema mikono inajua. Hapa kamba inashikwa na shemeji, kaka ya bibi. Yeye ukianguka anapata nini? Dada yake anarudi kwake na watoto. Wangapi?"

"Saba."

"Saba! Wanakula unga yake kila siku. Yule atakushika mpaka meno yatoke."

Wanawake walicheka, Ilunga alikasirika, mimi nilicheka kidogo. Mama Kabwe hakucheka.

"Mume wangu alikuwa anashikwa na kaka yangu," akasema. "Mwaka mumoja kaka yangu aliugua, kamba ikashikwa na mudogo wa mume. Kaburi liko pale, nyuma ya ule muti. Na yule mudogo alipotaka kunirithi, nilimukataa." Akarudi kwenye kazi yake. "Kaka ya bibi yako anakaa wapi?"

Ilunga ndiye aliyesema: "Kirungu."

Zilibaki siku saba kufika sikukuu.

Mulonde mpaka Kirungu, kwa miguu

Siku mbili za njia za mbuzi, kupanda na kushuka, ukungu mpaka saa ine ya asubuhi. Ilunga nilimuacha Mulonde alinde vitu, bado amenuna. Nilikula mahindi ya kuchoma kwa watu nisiowajua, na mufugaji mumoja wa Pepa alinipa maziwa ya kuganda na nafasi karibu na moto, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilisema ninakwenda kwa shemeji. "Ah, basi umefika," akasema. Kabla hakujapambazuka nikashika njia.

Kyomba nilimukuta shambani, anatengeneza matuta ya viazi. Muntu mufupi, mugongo mupana. Hakuacha jembe.

"Sitwayen Mulongo," akasema. Sitwayen, kama muntu wa biro ya serikali, si shemeji.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Yote yalipotea. Nikamwambia mambo ya Mama Kabwe, mambo ya kazi, mambo ya ngazi ya chuma. Alisikiliza mpaka mwisho wa tuta.

"Kwa hiyo umekuja kwa sababu ya jiwe."

"Ndiyo."

"Ungesema umekuja kwa sababu ya mama, ningekufukuza. Kaburi lake unalijua?"

"Hapana."

"Hulijui, kwa kuwa ulikuwa juu. Mutoto atakuonyesha. Chukua hili jembe."

Nilipalilia kaburi la mama mukwe siku nzima, na makaburi mawili ya jirani kwa kuwa majani yao yalikuwa yanaingia. Watu wa Kirungu walipita wakisimama. Bibi mumoja akauliza kwa sauti: "Si njo yule wa munara?" Mwingine akajibu: "Njo yeye. Leo ameshuka." Sikuinua kichwa. Jioni bibi ya Kyomba aliniletea bukari ya mahindi na maharagwe, na kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akapiga magoti kidogo kama anavyopaswa kwa mukwe. Nikajua nimepewa ruhusa ya kukaa.

Kyomba alikula nami. Alipomaliza akanawa mikono.

"Sipendi muchezo wako. Lakini Feza ni dada yangu. Ukipanda na mimi niko juu, unanisikiliza. Nikisema acha, unaacha."

Nilisema ndiyo. Nilisema haraka sana, nafikiri.

Siku ya bendera

Watu walikuja kutoka Pepa, kutoka Kirungu, kutoka vijiji vyote. Komisera alikaa chini ya turubai na koti lake la abakosti, wacheza ngoma wa animasyo mbele yake na vitenge vya chama. Mama Kabwe alipanda kwa nyuma pamoja na Kyomba, akamuonyesha kisiki cha kuzungushia kamba. Ilunga alikwenda nao, lakini alikatazwa kuigusa hata kwa kidole. Mimi nilifungwa kiunoni, bendera mugongoni.

Nusu ya kwanza nilipanda kama ninatembea. Muulizeni yeyote aliyekuwepo. Kyomba alivuta kamba taratibu, isilegee, isinibane, na nilisahau kama ipo. Ngoma zilikuwa zinaita jina langu. Asubuhi Mama Kabwe alikuwa amewatia nyuki moshi, walikuwa wamelala, watatu tu walinichoma shingoni. Nikafika kwenye tumbo.

Pale jiwe linakurudisha. Nilitafuta kwa mukono wa kushoto, nikapata ufa wa vidole viwili. Kwenye umri wa miaka thelathini vidole viwili vilinitosha. Lakini baridi ya Marungu ilikuwa imeingia katika viungo, nikavuta, nikaona vidole vyangu vinafunguka vyenyewe, polepole, kama si vyangu. Nikaenda chini.

Kamba ilinikamata kiunoni nikakosa pumzi. Nilikuwa ninaning'inia hewani, jiwe liko mbali nami kama urefu wa muntu. Ngoma zilinyamaza zote.

"Shemeji!" sauti ya Kyomba kutoka juu. "Uko?"

"Niko!"

"Ninakuvuta."

"Hapana! Usinivute!" Nilijua: nikivutwa mbele ya Komisera, kazi imekwenda. "Nitajirusha, nitashika jiwe tena!"

Nikajirusha. Mara ya kwanza nikagusa jiwe kwa ncha za vidole. Mara ya pili nikashika kidogo, nikaponyoka.

"Shemeji, acha! Kamba inajikata kwenye ukingo!"

"Mara moja tu!"

"Nyuzi zinakatika, ninaziona! Acha!"

Nikasikia Ilunga analia, anaomba aruhusiwe kushika, na Mama Kabwe anamupigia kelele atoe mikono. Kyomba akasema tena, si kwa sauti kubwa, lakini nilimusikia: "Nimwambie Feza nini?"

Miguu yangu ilikuwa tayari kwa kujirusha ya tatu. Niliangalia bendera za chini, na turubai ya Komisera, ndogo kama leso. Nikaacha miguu ikaning'inia.

"Vuta," nikasema.

"Sema kwa nguvu!"

"VUTA!"

Watu wote wa Marungu walisikia. Kyomba alinivuta peke yake. Alivuta urefu wa mukono, akazungusha kwenye kisiki, akapumzika, akavuta tena. Jua lilihama. Pale jiwe lilipokaribia nilisaidia kwa miguu. Nilipotoa kichwa juu ya ukingo niliona mikono yake: ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye kamba. Bado alikuwa ameshika. Ilibidi Mama Kabwe amufungue vidole kimoja kimoja.

Bendera niliisimamisha. Chini hawakupiga makofi mengi.

Komisera aliniambia mbele ya watu: "Sitwayen, nilitaka mupandaji, sikutaka muzigo." Watu walicheka. Barua yangu aliikunja akaitia mufukoni mwake. Njo hivyo kazi ya serikali ilivyokwisha, hata siku moja sikuifanya. Yule muuza chumvi wa bandarini anayehubiri kwamba sikupanda, nusu anasema kweli: nilivutwa. Ila namwambia: kutoka chini mpaka kwenye tumbo sikuvutwa, na hakuna muntu wa Kalemie aliyefika pale.

Kirungu, majuma matatu

Ilunga alirudi na kamyo ya kwanza, ampe Feza habari. Mimi sikurudi. Ulikuwa musimu wa viazi, na muntu mwenye viganja vile hashiki jembe. Mama Kabwe alimupaka asali na kumufunga majani, akatupa na mutungi wa asali wa njiani, bila malipo. Nilimusindikiza Kyomba Kirungu nikashika jembe lake.

Alikaa kwenye ukingo wa shamba, mikono imefungwa juu ya magoti kama mabunda mawili, bibi yake anamulisha bukari kwa mukono. Kazi yake ilikuwa kuniangalia.

"Shemeji, tuta limepinda."

"Halikupinda."

"Limepinda. Anza tena pale kwenye jiwe."

Nilianza tena. Mugongo uliniuma mahali ambapo bomba la moshi halikuwahi kuniuma. Watu wa Kirungu walizoea kupita wakisema, "Papa Mulongo, leo uko chini?" nami nilijibu, "Niko chini, Mama," wakaendelea na njia yao.

Nilimaliza shamba lote, la juu na la chini, kabla ya mvua kubwa. Bibi ya Kyomba mwenyewe alisema hajawahi kuona muntu wa ziwani analima haraka vile. Ulizeni Kirungu.